Shoeless Joe Jackson, "Joe Pekupeku": Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Shabiki wa soka wa kwetu hahitaji kufundishwa maana ya kuuza mechi. Beki akiteleza dakika ya 89, jukwaa zima limeshatoa hukumu kabla refa hajapuliza filimbi. Ndiyo maana nikisimulia habari za Joe Jackson, mpigaji wa besiboli wa Marekani wa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, watu hawaniulizi kwanza sheria za mchezo. Wanauliza: aliuza au hakuuza? Swali hilo nimelisogeza mbele kidogo, kwa sababu halijibiki vizuri kabla hujamjua mwenyewe, hasa jambo moja kuhusu yeye ambalo kila mkasa wake unalirudia.

Joe Jackson ni nani?

Joseph Jefferson Jackson alizaliwa 16 Julai 1887 katika kaunti ya Pickens, jimbo la South Carolina. Alicheza ligi kuu ya Marekani kati ya 1908 na 1920: kwanza Philadelphia Athletics, kisha Cleveland, mwishowe Chicago White Sox. Alikuwa mlinzi wa nyuma upande wa kushoto wa uwanja, akirusha kwa mkono wa kulia na kupiga kwa kushoto. Alifungiwa maisha mwaka 1921, akafa Greenville, South Carolina, tarehe 5 Desemba 1951, akiwa na miaka 64.

Ndiye baba yake Michael Jackson?

Hapana, ni majina tu kufanana. Yule Joe alizaliwa Arkansas mwaka 1928, miaka saba baada ya huyu kufukuzwa uwanjani.

Mimi besiboli siijui. Hizo namba zao nizisomeje?

Mtupaji anarusha mpira, mpigaji anausubiri na gongo mkononi (la kupigia, si lile la kunywa). Akiupiga, anakimbilia kituo cha kwanza. Akifika kabla mpira haujarudishwa, na bila kubebwa na kosa la mlinzi, hilo ni pigo halali. Aliyewahi kutazama kriketi atashika haraka, ila hapa mkimbiaji anazunguka vituo vinne, na akikanyaga cha mwisho timu yake inahesabiwa mkimbio mmoja.

Wastani wa mpigaji ni mapigo halali yakigawanywa kwa majaribio. Jackson alipata mapigo 1,772 katika majaribio 4,981, yaani .356. Ukiona ni kidogo, kumbuka kwamba katika mchezo huu anayeshindwa mara saba kati ya kumi anaitwa bingwa. Kuvuka .350 na kubaki hapo kwa miaka kadhaa ni jambo la watu wachache sana tangu mchezo uanze.

Kuna la kuongeza kuhusu zama zake. Kabla ya 1920 mpira mmoja ulitumika karibu mechi nzima, ukalainika, ukachafuka, na mtupaji aliruhusiwa kuupaka mate ili upinde njiani. Kuutoa nje ya uzio ilikuwa shughuli. Mwaka 1911 kinara wa ligi ya Jackson kwa mapigo ya mzunguko kamili, yale ya kumrudisha mpigaji nyumbani kwa mkupuo mmoja, alikuwa na 11 tu. Jackson alipata 54 maisha yake yote. Babe Ruth, nyota wa besiboli aliyekuja baada yake, alipata 54 hizohizo kwa msimu mmoja, 1920, mchezo ulipokwisha kubadilika.

Alilelewa wapi?

Kiwandani, na si kwa maana ya kupamba hadithi. Baba yake alihamisha familia kufuata kazi katika viwanda vya nguo vya pamba, wakaishia Brandon Mill, mtaa wa kiwanda pembezoni mwa Greenville. Nyumba ya kiwanda, duka la kiwanda, kanisa la kiwanda. Joe alianza kufagia sakafu kati ya mashine akiwa na umri wa mtoto wa darasa la kwanza, na darasa hilo la kwanza hakulipata. Wafanyakazi wa huko walitoka zamu nywele zimejaa vumbi la pamba, na watu wa mjini wakawabandika jina la kejeli kwa sababu hiyo, kitu kama "vichwa pamba".

Kiwanda kilikuwa na timu pia. Jackson aliingizwa humo akiwa na miaka 13 hivi, miongoni mwa watu wazima. Husimuliwa kwamba akipiga pigo la kuvuka uzio Jumamosi, wadogo zake walipita jukwaani na kofia kukusanya senti. Mwaka 1908 timu ya kulipwa ya mji, Greenville Spinners, ikampa dola 75 kwa mwezi, na mwaka huohuo akamwoa Katie Wynn. Mkariri huyo Katie; ndiye aliyesoma kila karatasi iliyofika nyumbani kwao.

Kwa nini "Pekupeku"? Alicheza bila viatu kweli?

Mara moja tu, na hakuwa pekupeku kamili. Alibaki na soksi. Ilikuwa 1908, yuko na Spinners. Alikuwa amenunua viatu vipya vya njumu, vikamtoa malengelenge. Kesho yake miguu haikukubali viatu, na kocha hakukubali apumzike, basi akavivua akaingia uwanjani na soksi. Akapiga pigo la mbali, na alipokuwa anakizunguka kituo, shabiki mmoja wa timu pinzani akamtukana kwa sauti kubwa, akimwita mwana wa nani-sijui asiye na viatu. Mwandishi wa gazeti akalisikia. Jina likaganda.

Hakulipenda kamwe. Na mtu wa kaskazini akilisikia alielewa moja kwa moja: mshamba wa kusini, hana viatu, hana shule.

Ni kweli hakujua kusoma na kuandika?

Ni kweli, na hili ndilo jambo nililokutangulizia hapo juu.

Hotelini, akiwa safarini na timu, Jackson alishika orodha ya vyakula kama wengine, akaitazama, akanyamaza. Alisubiri wenzake waagize. Akisikia kitu anachokipenda, alisema naye apewe hichohicho. Ukiwa na wenzako wa miaka mingi hilo linapita bila mtu kushtuka. Ukiwa mgeni wa miaka 21 mezani na watu wa mjini, wanakuona.

Sahihi yake alifundishwa kuichora, herufi baada ya herufi, kama mtu anavyonakili ua kwenye kitambaa. Barua za mashabiki alizijibu Katie, na picha nyingi zenye jina lake zilitiwa sahihi na Katie. Lakini mikataba ilikuwa lazima aisaini mwenyewe, na si kila mara Katie alikuwa karibu. Tutarudi hapa.

Watu wamezoea kuchanganya kutokusoma na ujinga. Mtu huyu aliuona mpira ukitoka mkononi mwa mtupaji na kuamua, kabla hujafumba jicho, unakwenda wapi. Baadaye aliendesha biashara na kuajiri watu. Kilichomkosa ni karatasi, na besiboli ni mchezo wa karatasi kuliko michezo yote niijuayo.

Mbona alianza vibaya Philadelphia?

Meneja Connie Mack alimnunua mwaka 1908 akijua kabisa amepata dhahabu. Lakini Jackson aliuogopa mji, aliwakumbuka wa nyumbani, na wachezaji wenzake wakamgeuza kichekesho. Alitoroka na treni kurudi Greenville zaidi ya mara moja. Kwa misimu miwili alicheza mechi kumi tu, tano kila mwaka. Alipopelekwa kwa mkopo kusini, Savannah mwaka 1909 na New Orleans mwaka 1910, alipiga vizuri kupita kiasi, kwa sababu huko watu walizungumza kama yeye na walikula anachokula. Mack alikata tamaa, akampeleka Cleveland katikati ya 1910 kwa kubadilishana na mchezaji aitwaye Bris Lord. Kwa lugha ya leo hilo lingekuwa sajili la kumfukuzisha mtu kazi.

Alikuwa mzuri kiasi gani?

Mwaka 1911, msimu wake wa kwanza kamili, alipiga .408. Mapigo 233. Hakuna chipukizi mwingine katika ligi aliyefikia wastani huo hadi leo. Na hakuwa wa kwanza! Ty Cobb wa Detroit mwaka huo alipiga .420. Mwaka uliofuata Jackson akapata .395, Cobb .409. Mwaka 1913 Jackson .373, Cobb .390. Miaka mitatu mfululizo anapiga namba ambazo zingempa mtu ubingwa karibu zama yoyote, na miaka mitatu yuko nyuma ya mtu yuleyule. Jackson hakuwahi kuwa bingwa wa wastani wa ligi hata mara moja.

Ila namba hazikuonyeshi mkono wake ulivyokwenda. Wapigaji wa zama hizo walishika gongo mbali na kitako, mikono imeachana, wakigusa mpira kuuelekeza penye pengo. Cobb alikuwa fundi wa hilo. Jackson alishika chini kabisa, miguu karibu karibu, akavuta hatua moja ndefu na kuupiga mpira kwa mwili mzima. Waliomwona walisema hata mlio ulikuwa tofauti. Babe Ruth, alipokuwa kijana anayetafuta namna yake ya kupiga, alimwiga yeye na hakuona haya kusema hivyo. Kwa hiyo ukitazama mpigaji yeyote wa leo akijizungusha kwa nguvu zote, unatazama kitu kilichopita kwa Ruth kutoka Brandon Mill.

Black Betsy ni nini?

Gongo lake. Fundi seremala wa Greenville aitwaye Charlie Ferguson alimchongea alipokuwa bado kijana wa timu ya kiwanda, wakalitia weusi kwa mate ya tumbaku. Lilikuwa zito, karibu kilo 1.36, wakati magongo ya leo ni kama gramu 900. Magongo yake aliyapa majina, na iliaminika kwamba kila moja lina idadi yake ya mapigo ndani, yakiisha, yameisha. Msimu ukimalizika aliyabeba kwenda nayo kusini kwa sababu, alivyosema, hakuna anayependa baridi. Mfukoni alikusanya vibanio vya nywele alivyookota njiani, kwa ajili ya bahati. Mwaka 2001 Black Betsy liliuzwa mnadani kwa dola 577,610.

Alifikaje Chicago?

Cleveland ilikuwa na ukata. Agosti 1915 ikamuuza kwa White Sox kwa wachezaji watatu na dola 31,500. Mwaka 1917 timu hiyo ikachukua ubingwa, World Series, mbele ya New York Giants. Mwaka 1918, wakati wa vita, alifanya kazi katika kiwanda cha kujenga meli huko Delaware, na magazeti yakamwita mwoga kwa kutokwenda jeshini.

Nini kilitokea 1919?

White Sox waliingia fainali dhidi ya Cincinnati Reds wakitajwa kuwa timu bora ya zama zao. Fainali ilikuwa ya mechi tisa, mshindi ni wa kwanza kufika tano. Reds wakashinda tano kwa tatu.

Kabla mpira wa kwanza haujarushwa, fedha za ajabu zilikuwa zimeanza kuwekwa upande wa Cincinnati katika hoteli na mabaa. Wacheza kamari kadhaa, akiwemo bondia mstaafu Abe Attell, walikuwa wamezungumza na wachezaji wa Chicago kupitia Chick Gandil, mlinzi wa kituo cha kwanza. Nyuma ya pazia alitajwa Arnold Rothstein, tajiri wa kamari wa New York, ambaye hakuwahi kushtakiwa. Mechi ya kwanza, mtupaji Eddie Cicotte alimgonga na mpira mpigaji wa kwanza wa Reds. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara kwamba mpango upo.

Mpango wenyewe ulikwenda ovyo, kama mipango ya namna hii inavyokwenda. Fedha zilizoahidiwa hazikufika zote, wachezaji wakanuniana, wengine wakaamua kucheza. Mtupaji mdogo Dickie Kerr, ambaye hakuwemo, alishinda mechi zake zote mbili. Lefty Williams, ambaye alikuwemo, alipoteza zote tatu.

Majina ya wanane ni Cicotte, Williams, Gandil, Swede Risberg, Happy Felsch, Fred McMullin, Buck Weaver na Joe Jackson. Tangu hapo wakaitwa Black Sox, Soksi Nyeusi.

Haya sasa. Aliuza au hakuuza?

Fedha alichukua. Hilo lisizungushwe. Aliahidiwa dola 20,000, na wakati fainali ikiendelea Lefty Williams alimletea dola 5,000 hotelini zikiwa ndani ya bahasha. Mshahara wake wa mwaka mzima ulikuwa 6,000. Tarehe 28 Septemba 1920 alikwenda mbele ya baraza la mahakama huko Chicago, akaulizwa kama alilipwa kusaidia kuipoteza fainali, akakubali. Katika ushahidi uleule akasema alipiga ili ashinde, alilinda ili ashinde, alikimbia ili ashinde. Yote mawili yamo katika karatasi moja, na ndiyo maana watu wamebishana kwa miaka mia.

Wanaomtetea wanaleta namba. Alipiga .375, mapigo 12, rekodi ya fainali kwa wakati huo. Pigo pekee la mzunguko kamili katika fainali nzima lilikuwa lake. Hakuandikiwa kosa hata moja la ulinzi. Katika mechi ya nne aliurusha mpira kumwahi mkimbiaji nyumbani, na aliyeunyooshea mkono njiani ukampotea alikuwa Cicotte.

Nami niliwahi kuridhika na namba hizo, mpaka nilipozitazama mechi kwa mechi. Mikimbio sita aliyoisababisha kwa gongo lake yote ilikuja katika mechi tatu za mwisho. Katika mechi tano za kwanza, wakati mpango ukiwa moto, hakusababisha hata mmoja. Inaweza kuwa bahati tu, maana kiungo mzuri naye hukaa mechi tano bila kutoa pasi ya bao, lakini mtu akikuletea .375 peke yake kama ushahidi, muulize mapigo yalikuja lini.

Upande wa pili nao una lake. Williams alieleza baadaye kwamba Jackson hakuhudhuria vikao, na kwamba jina lake lilitumika ili wacheza kamari waone timu nzima imekubali. Bila Jackson, nani angelipa? Na tazama namna ushahidi wake ulivyochukuliwa. Wakili aliyemshauri kabla ya kuingia, Alfred Austrian, alikuwa wakili wa klabu, yaani wa tajiri wake Charles Comiskey. Jackson alitia sahihi hati ya kuachilia kinga yake ya kisheria. Hati hiyo hakuweza kuisoma, na Katie hakuwemo chumbani.

Maoni yangu: alichukua fedha za mechi iliyouzwa akijua ni za nini, na pengine hakuikabidhi bidhaa. Kwetu mtu wa hivyo hana jina zuri kwa upande wowote. Lakini kumweka sawasawa na Gandil aliyetafuta wanunuzi, hapana.

Na yule mtoto aliyelia "sema si kweli, Joe"?

Magazeti yaliandika kwamba Jackson alipotoka mahakamani mtoto mmoja alimshika akimsihi akanushe. Jackson alisema haikutokea. Alisema mtu pekee aliyemsemesha ni askari aliyeomba lifti ya gari.

Mahakama iliwaachia huru. Kwa nini basi wakafungiwa?

Kwa sababu kosa la mahakamani na kosa la mpira ni vitu viwili. Illinois, jimbo lenye mji wa Chicago, haikuwa na sheria ya kukataza kuuza mechi. Walishtakiwa kwa kula njama ya kulaghai. Kabla ya kesi ya 1921, kumbukumbu za maungamo yao zikatoweka ofisini. Tarehe 2 Agosti 1921 wazee wa baraza walijadiliana kwa muda usiofika masaa matatu, wakawaona hawana hatia, na watu wakarushana mabegani kwa furaha.

Kesho yake Kenesaw Mountain Landis, jaji ambaye wamiliki wa timu walikuwa wamempa ukamishna wa kwanza wa besiboli ili asafishe jina la mchezo, akatangaza kwamba hukumu ya mahakama haimhusu: aliyeuza mechi, aliyeahidi kuuza, na aliyekaa na wauzaji akanyamaza, wote hawatacheza tena. Wa mwisho huyo ni Buck Weaver, ambaye hakuchukua hata senti.

Jackson alikuwa na miaka 34. Msimu wake wa mwisho, 1920, alikuwa amepiga .382 na mapigo 218.

Nasikia alimshtaki tajiri wake. Alishinda?

Alishinda, kisha akanyang'anywa ushindi. Mwaka 1920 Harry Grabiner, katibu wa klabu, alimfuata Savannah na mkataba wa miaka mitatu, dola 8,000 kwa mwaka. Kwa maelezo ya Jackson, Grabiner alimhakikishia kwamba kile kifungu cha kumwachisha mchezaji kwa notisi ya siku kumi kimeondolewa, akamwekea karatasi juu ya gari, wakasaini hapohapo nje, bila Katie kuiona. Kifungu kilikuwemo.

Alipofukuzwa alidai mishahara iliyobaki, na mwaka 1924 kesi ikasikilizwa Milwaukee. Wazee wa baraza walimpa zaidi ya dola 16,000. Hapo ndipo ushahidi wa 1920, ule uliotoweka Chicago, ulipoibuka, na mahali ulipoibukia ni mikononi mwa mawakili wa Comiskey! Jackson alikuwa amesema Milwaukee mambo yaliyopingana na ushahidi huo. Jaji akamtia ndani kwa kusema uongo chini ya kiapo, akafuta tuzo.

Comiskey alikuwa bahili kiasi cha kuwasukuma wachezaji kwenye rushwa?

Hivyo ndivyo ilivyosimuliwa kwa miaka mingi, nami niliiamini. Lakini mishahara ya White Sox ya 1919 kwa jumla ilikuwa miongoni mwa mikubwa ya ligi. Isipokuwa mgao: Eddie Collins, msomi wa chuo kikuu, alipata 15,000, Jackson 6,000. Msomi alijua kusoma mkataba.

Aliishije baada ya hapo?

Vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Alicheza besiboli ya pembeni kusini kwa muda, ikiwemo Americus, Georgia, mwaka 1923. Yeye na Katie walikuwa na biashara ya dobi wa kisasa Savannah, kisha wakarudi Greenville, wakawa na mgahawa wa nyama choma, baadaye duka la pombe kali. Mara akawafundisha watoto wa mtaa kupiga. Hawakujaliwa mtoto wao.

Dukani humo ndimo palipotokea kisa maarufu kuliko vyote. Ty Cobb aliingia na mwandishi mmoja wa michezo, akanunua. Jackson akamhudumia kama mteja yeyote. Cobb akashindwa kuvumilia, akamuuliza kama hamjui. Jackson akajibu kwamba anamjua sana, ila hakuwa na hakika kama Cobb angetaka kujulikana naye, maana wengi hawataki.

Mwaka 1951 bunge la South Carolina lilipitisha azimio la kuomba asafishwe. Alikuwa amealikwa kwenye kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan mwezi Desemba. Moyo ukasimama siku chache kabla. Kati ya wale wanane, alitangulia yeye.

Bado amefungiwa?

Hapana. Tarehe 13 Mei 2025 kamishna Rob Manfred aliamua kwamba kifungo cha maisha kinakwisha mtu akifa, na majina 17 yakatolewa kwenye orodha, likiwemo la Jackson na la Pete Rose, mchezaji aliyefungiwa kwa kucheza kamari, aliyefariki Septemba 2024. Kufunguliwa si kuingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa Cooperstown, New York. Kamati inayohusika na wachezaji wa zamani itakutana Desemba 2027. Ina wajumbe 16, na anayetaka kuingia anahitaji kura 12.

Zamani nilisoma ni wa tatu kwa wastani wa maisha. Leo naona wa tano. Ameshushwaje?

Hakushushwa, waliokuwa wamefichwa wamehesabiwa. Ligi ya akina Jackson haikuruhusu mchezaji mweusi. Mei 2024 takwimu za ligi za Weusi ziliunganishwa na za ligi kuu. Josh Gibson akakaa juu kwa .372, mbele ya Cobb, na Oscar Charleston akawa wa tatu. Rogers Hornsby ni wa nne, Jackson wa tano.

Naweza kuona wapi vitu vyake?

Nyumba aliyofia ilihamishwa ikawekwa karibu na uwanja wa besiboli wa Greenville, na tangu 2008 ni makumbusho. Namba ya nyumba waliyoipa ni 356.

Sahihi yake ina thamani gani?

Ni miongoni mwa sahihi ghali zaidi za michezo duniani, kwa kuwa alizichora chache na kwa shida. Picha yake ya 1911 iliyosainiwa kwa mkono wake mwenyewe iliuzwa mwaka 2021 kwa dola milioni 1.47, fedha ambazo hakuziona hata robo yake maisha yake yote.

Sahihi nyingine imo kwenye wosia wake. Katie alipofariki mwaka 1959 mali zake alizirithisha taasisi mbili za hisani, moja ya moyo na moja ya saratani. Miaka mingi baadaye taasisi hizo zikaenda mahakamani kudai karatasi yenyewe ya wosia wa Joe, kwa ajili ya ile sahihi. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya South Carolina ikaamua kwamba wosia ni kumbukumbu ya umma, ubaki kwenye kaunti ya Greenville, na hauuzwi.